Da Raya, Aliyeandika "Hawajambo" ni Mimi

Da Raya,

Sina anwani yako. Nina namba ya simu ambayo kwa wiki tatu sasa inajibiwa na sauti ya mwanamke nisiyemjua, anayesema mtu niliyempigia hapatikani. Ndiyo maana barua hii naiandika wazi, isomwe na yeyote. Maskati kuna watu wengi wa kwetu, huenda mmoja wao anakujua. Kama wewe unayesoma si Raya, ila unamjua msichana wa Chwaka, mrefu, mwenye kovu dogo juu ya unyusi wa kushoto, aliyekwenda huko kufanya kazi za nyumbani na kabla ya hapo alikuwa akisomea shahada ya uzamili, tafadhali msomee. Mwambie mdogo wake anamtafuta, na siku zilizobaki ni sita.

Unanijua, mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua, nageuka bubu, kisha nikirudi nyumbani naandika jibu lote kwenye daftari ambalo hakuna atakayelisoma. Wewe ulikuwa ukinicheka: "Nunu, mdomo wako uko kwenye kalamu." Sasa sina njia nyingine ila huo mdomo.

Mpaka leo watu wa nyumbani hawasemi kimbunga. Kimbunga ni neno la redio. Wao husema "ule upepo", na hawaongezi kitu. Siku ile wewe ulikuwa Kikwajuni kwa Shangazi, unaandika sura ya tatu ya tasnifu yako. Njia ilikuwa imefungwa na minazi na nguzo za umeme. Ulidandia lori la mchanga mpaka liliposhindwa kupita, ukamaliza kwa miguu. Ulifika alasiri, viatu mkononi, begi la kompyuta umelibeba kichwani kama ndoo. Mama alikuwa amekaa kizingitini anatazama juu, pale palipokuwa na mabati.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Watu wa mjini hawajambo?"

"Hawajambo, Mama. Wanakusalimu."

"Na Shangazi yako na mguu wake?"

"Hajambo, anatembea."

Mlizimaliza salamu zote, moja baada ya moja, kama vile umekuja likizo. Ndipo mkashikana na kulia. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye maji yanayofika vifundoni, nimekumbatia vitabu vyangu vya skuli, na nilifikiri: sasa amekuja, yatapungua.

Madaftari yako yalikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Miaka miwili ya kuwahoji wanawake wanaolima mwani, siku za jua kali, za mwani kufa, za bei kushuka, yote kwa mwandiko wako mdogo, na sanduku zima limejaa maji ya chumvi. Hukupiga kelele. Uliyafungua ukurasa kwa ukurasa, ukazitundika karatasi kwenye kamba za mwani kwa vibanio vya nguo, ua mzima ukawa unapepea. Bi Pili, jirani yetu, alipita na ndoo yake akasimama.

"Khe! Leo Raya kaanika shahada! Ikikauka tukatie na sisi kipande."

"Nitakukatia mnofu, Bi Pili."

"Mnofu wape wenye meno. Mie nipe mchuzi."

Nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu upepo, na nilijiona vibaya kucheka, kwa sababu Bi Pili mwenyewe jiko lake lote lilikuwa limeruka, na alikuwa akipikia nje juu ya mawe matatu.

Nataka uzikumbuke siku zile, Da Raya, kwa sababu naogopa huko uliko hakuna anayekwambia wewe ni nani. Ulikuwa ukiamka alfajiri, ukisali, ukachukua madumu tukaenda kuteka maji kwenye tangi la skuli, kwa kuwa kisima chetu kilikuwa kimeingia chumvi. Maji yakitoka ufukweni ulishuka na wanawake kutafuta kamba na vigingi vilivyosalia. Wao waliokota, wewe uliokota na kuuliza na kuandika, kalamu umeifunga shingoni kwa uzi. Adhuhuri tulikula muhogo. Mchana ulikaa chini ya lile turubai la buluu tulilotanda badala ya paa, mlango wa kabati umeulaza juu ya matofali ndiyo meza yako, unanakili upya kurasa ambazo wino wake ulikuwa umetawanyika. Neno likikushinda ulinipa karatasi: "Wewe una macho mapya. Hili ni 'bahari' au 'habari'?" Tulibishana. Mara nyingine tulikwenda kumuuliza mwenyewe aliyelisema, naye alikuwa keshasahau.

Jioni ulipanda kwenye ghorofa isiyokwisha kujengwa karibu na skuli, kwa kuwa pale juu tu ndipo palipopatikana mtandao, ukazungumza na msimamizi wako. Mimi nilishika tochi.

"Raya, sura ya nne iko wapi?"

"Iko njiani, Dokta."

"Njiani wapi? Mbona haifiki?"

"Huku kwetu njia zimezibwa na minazi, Dokta."

Nilimsikia Dokta akicheka. Kisha ulikata simu, ukakaa juu ya tofali, ukauficha uso wako kwa mikono. Kucha zako zilikuwa na saruji. Nikaendelea kushika tochi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Watu wa kamati ya misaada walipotoka mjini, walitaka mtu wa kuorodhesha nyumba zilizoharibika. Kijiji kizima kilikutaja wewe. Ulitengeneza fomu nzuri, iliyonyooka kama kazi zako zote: jina la mwenye nyumba, idadi ya watu, hali ya kaya. Uliwaandika watu siku tatu. Siku ya nne Dokta alitaka ile sura bila kukosa, ukaniachia nyumba kumi na moja za kichochoro chetu. "Uliza, andika wanavyosema. Usiongeze neno lako." Nilifurahi mno kwa kuaminiwa, hata sikulala vizuri.

Nilikwenda mlango kwa mlango, macho kwenye karatasi. Sikuweza kuwatazama watu wazima usoni na kuwauliza wamepotelewa na nini. Nilimwambia Bi Pili, "Fomu inauliza, hali ya kaya yenu ikoje?" Akanijibu, "Hatujambo mwanangu, alhamdulillahi." Nikaandika: Hawajambo. Nilipogeuka kuondoka nilimsikia akisema nyuma yangu, "Jiko tu ndilo hilo lilokwenda na upepo." Nilisimama. Niliitazama fomu. Kisanduku kilikuwa kimeshajaa. Nikaenda nyumba ya pili.

Wote kumi na moja walisema hivyo hivyo, kwa sababu kwetu hakuna jibu jingine. Mtu yuko kitandani hajiwezi, ukimuuliza hujambo atasema sijambo. Wa mwisho alikuwa Mama. Nilimuuliza kama nilivyowauliza wengine, naye alikuwa akikamua blanketi lililorowa. "Hatujambo. Andika alhamdulillahi, na waandike wenye shida." Juu yake palikuwa na mawingu tu. Nami, mwanafunzi wa kwanza darasani kwa insha, nikaandika: Hawajambo, alhamdulillahi.

Mabati yalipokuja, orodha ilisomwa uwanjani. Kichochoro chetu hakikutajwa hata nyumba moja. Uliomba fomu, ukazifunua, ukafika kwenye mwandiko wangu. Niliona ulivyoelewa. Ulinivuta pembeni, nikangoja kofi, na laiti ungenipiga.

"Nunu, walipokwambia hatujambo, ulingoja?"

"Kungoja nini?"

"'Lakini'. Mtu wa kwetu husema hatujambo, kisha akasema lakini. Shida yake iko baada ya lakini. Hukungoja?"

Ukazitazama tena fomu, ukasema taratibu, kama unajisemea mwenyewe, "Nami sikuweka nafasi yake. Miaka miwili nawahoji watu hawa hawa, na nimetengeneza fomu kama mtu aliyeshuka jana."

Kisha ulirudi mbele za watu, ukawaambia kosa ni lako, wewe ndiye uliyeandika. Bi Pili akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Ahsante msomi wetu. Katuandika matajiri!" Watu wakacheka, kicheko kibaya. Mwingine akadakia, "Mwache. Keshapata kichwa cha habari cha kitabu chake." Ukainamisha kichwa. Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwako. Ulimi ulikuwa mdomoni mwangu, mzima, haukuwa na ugonjwa wowote. Sikusema.

Ulihangaika mwezi mzima kutaka orodha irekebishwe. Ulikwenda mjini na fomu mpya, safari hii zikiwa na kila kitu, jiko, ukuta, choo, kitanda. Walizipokea kwa adabu wakasema orodha imeshafungwa. Kila ulipopita kichochoroni wanawake waliokuwa wakikuita "Raya mwanangu" walinyamaza mpaka upite. Hukuweza tena kuwahoji. Ulikaa chini ya turubai mbele ya kompyuta, imewashwa, huandiki. Ilibaki sura moja tu. Mama akaanza kukohoa.

Siku uliyotuambia, ulisema kama mtu anayekwenda dukani. "Nnakwenda Maskati. Kuna nyumba wanataka mtu. Mwaka mmoja, nije niezeke, kisha nimalize sura yangu." Mama hakuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichagua. "Mwaka si mwingi," akasema. Mimi nilikusaidia kukunja nguo, na nilikunja vibaya makusudi ili ukunjue, tuanze tena.

Mwanzo ulituma sauti ndefu. Ulisimulia nyumba yenye ngazi mbili, mtoto asiyekula mpaka aimbiwe, na ulivyokuwa ukisoma kurasa zako za tasnifu chooni kwa sababu ndiko kwenye kitasa. Tulicheka. Kisha sauti zikawa fupi. Nilikuuliza kama unapata muda wa kuandika, ukajibu siku ya nne yake: "Tutazungumza." Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa maandishi. "Sijambo, alhamdulillahi. Msiwe na wasiwasi."

Mama aliusoma akashukuru. Mimi nilikaa na simu mkononi mwangu. Nilingoja, Da Raya. Nilingoja sana safari hii, dakika kwa dakika, siku ile na kesho yake na kesho kutwa, sauti au neno moja lifuate. Halikuja. Simu yako ikazimika.

Jumatatu Dokta alipiga simu ya Mama. Alisema jina lako haliko kwenye usajili mwaka huu, Alhamisi ya wiki inayokuja baraza la chuo linakaa, na majina ya waliopotea bila ya taarifa yatafutwa. Miaka yako yote, zile karatasi za kwenye kamba, basi. Dawa ilikuwa fomu ya kuahirisha masomo, yenye saini yako. Sikwenda skuli, nilikwenda mjini kuichukua. Nikaijaza. Kisha nikakaa na daftari la hesabu, nikajifunza saini yako mpaka ukurasa ukajaa. Mara ya mwisho nilitia kwenye fomu.

Ndiyo, nilitia. Nasema mwenyewe.

Jumatano nilimpelekea Dokta. Ni mama mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko umbo lake. Alivaa miwani akaisoma, akaivua.

"Katia saini lini?"

"Jana."

"Yuko Maskati, na katia jana."

"Naam."

"Kwa kalamu ile ile iliyojazia fomu."

Nilitazama viatu vyangu. Akasema, "Mtoto mzuri, Raya nimemsahihisha miaka miwili. R yake anaianzia chini. Hii imeanzia juu."

Nilianza kulia, nikamwambia yote, upepo, nyumba kumi na moja, uwanjani, na sijui kwa nini niliweza kwake na sikuweza kwa watu wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaichana ile fomu mara mbili, vipande akavitia kwenye pipa.

"Hii sikuiona. Unanisikia? Sikuiona." Akavuta mtoto wa meza, akatoa fomu nyingine, tupu, akaiweka mbele yake. "Sitaki saini tena. Anipigie mwenyewe, nisikie sauti yake, aseme anataka kuahirisha. Nusu dakika inanitosha, nitaandika hapa nimemsikia. Lakini Alhamisi ya wiki ijayo nikiingia barazani sijamsikia, mimi sitakuwa na la kuwaambia."

"Na kama simu wamemchukulia?"

Akaniangalia. "Nani kasema wamemchukulia?"

"Hakuna aliyesema."

Sauti yake kubwa ikashuka. "Basi mtafute, mwanangu," akasema. "Mtafute kwa kila njia. Chuo ni kitu kidogo hapo."

Hilo neno ndilo lililonimaliza. Nilikwenda mjini nikiogopa utapoteza nafasi yako chuoni. Nilirudi nikiogopa jambo ambalo sikuthubutu kulipa jina njia nzima.

Jana nilikwenda kwa Bi Pili. Alikuwa barazani kwake akifunga vipande vya mwani kwenye kamba, anaanza upya shamba lake. Nilisema kabla ya kukaa, maana ningekaa nisingesema: "Bi Pili, aliyetuandika hatujambo ni mimi. Si Da Raya."

Hakuacha kufunga. "Kwani mie kipofu? Si ulisimama hapo hapo mlangoni, unatetemeka kama kifaranga?"

"Mlijua?"

"Kichochoro kizima twajua."

"Mbona basi mlimsema yeye?"

Akafunga kipande kingine, akakifungua, akakifunga tena. "Wewe tungekusema ungekufa. Yeye tulimwona ana mabega." Kisha kamba ikamponyoka, akajifuta uso kwa pembe ya kanga. "Mwambie aje. Mwambie Bi Pili kasema aje anitukane."

Nimefikiri sana juu ya hilo, Da Raya. Sote tulikuona una mabega. Mama, mimi, Bi Pili, watu wa kamati, hata Dokta na sura zake. Kila mmoja aliweka lake akaenda zake, na hakuna aliyekuuliza, nami ndiye niliyekuwa nikilala pembeni yako.

Leo ni Ijumaa. Turubai limepasuka upande wa jiko, nimelishona kwa uzi wa nyavu. Mama anakohoa zaidi na hataki kwenda hospitali, anasema atakwenda ukija. Hajui naandika haya. Asubuhi alikuwa juu ya mswala, nikadhani anasoma dua, kumbe anataja jina lako. Jina tu, bila ya ombi mbele wala nyuma. Hatutaki paa. Nakwambia kwa niaba yake, hata kama hatasema mwenyewe maisha yake yote: hatulitaki. Rudi hivi hivi ulivyo, bila ya kitu mkononi, bila ya sura ya tano. Tutakaa na mvua.

Na kama kurudi si rahisi, basi hili dogo. Alhamisi nitakuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya Dokta kabla mlango haujafunguliwa. Ameniahidi simu yake itakuwa mezani, imewashwa. Namba yake unaijua kwa moyo, ulikuwa ukiipiga kutoka kwenye ghorofa isiyokwisha. Ukishindwa kumpata yeye, mpigie Mama. Ukiwa huna simu, muombe mtu, yeyote, muuza duka, dereva, mtoto uliyemwimbia. Nusu dakika. Mtaje Dokta, sema unaahirisha. Zikibaki sekunde, usitusalimu. Sema uko wapi.

Mdogo wako, wa tumbo moja.